Maiki Moja Mezani

Pale chuo cha ualimu walimwita Masikio, naye hakuwa na neno. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa refu, nusu limetoka kwa babu mzaa baba na nusu kwa upande wa mama, na nusu hizo mbili hazikuzoea kukaa pamoja kinywani mwa mtu. Alikuwa fundi sauti wa studio ya chuo kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na ushei, vipokea sauti vikimning'inia shingoni hata akienda msalani. Wenzake walisema anaweza kusikia feni mbovu kupita kuta mbili na kukuambia skrubu ipi imelegea.

Studio yenyewe ilikuwa zamani stoo ya madawati. Kuta zilibandikwa magodoro yaliyokataliwa na bweni la wasichana, mlangoni paliangikwa blanketi la sufu, na kiyoyozi kilizimwa kila taa nyekundu ilipowaka, hivyo waliohojiwa walitoka humo wamelowa jasho kana kwamba walikwenda kulima. Humo ndimo Masikio alimozeekea. Hakuolewa tena baada ya mume wa kwanza kumwacha, na alipoulizwa sababu, alisema amesikia watu wengi mno wakikohoa, wakimeza mate na kusema uongo, hata hamu imemwisha.

Mradi ulipokuja aliupokea kwa mikono miwili. Wizara ilitaka watoto wa darasa la saba wajifunze historia ya watu wote wa nchi yao kwa sauti, picha na filamu, waache kukariri kitabu. Walimu wangeandika, wanafunzi wa chuo wangepiga picha, na wenyeji wenyewe wangesimulia. Mtoto angefungua kompyuta ya shule na kukuta vitufe kumi na viwili vya rangi, kila kimoja na jina la jamii yake. Kila jamii ilipewa kamati ya watu watano, na hapakuingia kitu ambacho kamati haijakipitisha.

Masikio alisafisha mahojiano zaidi ya mia mbili. Alitoa majogoo, pikipiki, na mzee mmoja aliyekuwa akigonga meno ya bandia kila aliposema neno "serikali". Siku walipomwonyesha kile kioo chenye vitufe, alishika kipanya ajaribu kubonyeza cha kwao. Mshale ukaenda kitufe cha pili, ukahamia cha saba, ukarudi. Akauacha katikati, akaenda kuchemsha chai.

Alikuwa amezaliwa nyuma ya kiwanda cha magunia, kwenye safu nne za nyumba za matofali walimopangwa wafanyakazi. Kiwanda kiliwaokota watu kila pembe, na karani wa nyumba aliwagawia vyumba kwa jinsi walivyofika, wala hakuuliza nani ni wa kabila gani. Kuta hazikufika kwenye bati. Ukipiga chafya, mtu wa chumba cha nne anakuombea afya. Katika kuishi hivyo wakajizoesha jambo ambalo Masikio hakuliona kwingine: pale mtu hakusimulia habari za kwao mwenyewe. Kujisimulia kulihesabiwa ni kujipigia debe. Jirani ndiye aliyesimulia habari zako, nawe ulikaa pembeni ukimsahihisha.

Alimwomba mkurugenzi wa mradi ruhusa ya kwenda kuwarekodi wazee waliobaki, akapewa. Utaratibu ulitaka kila mtu avae maiki yake, sauti yake iingie peke yake, ili mhariri aweze baadaye kumtenga na wenzake. Masikio akaenda na maiki saba, akawabandika wazee saba vifuani. Wakanyamaza kama watuhumiwa. Kinyozi, mtu aliyewasemesha wateja miaka hamsini bila kupumua, alijibu "ndiyo", "hapana", na "sikumbuki vizuri". Baada ya nusu saa Masikio alizikusanya zote mfukoni, akaacha moja tu katikati ya meza, karibu na birika. Dakika kumi hazikupita, wazee wakaanza kunyang'anyana maneno.

Shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa mkunga wa zile safu nne, alieleza jinsi babu yake Kinyozi alivyoshuka kutoka ng'ambo na sanduku la nyembe na barua ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Kinyozi akadakia kwamba halikuwa sanduku, lilikuwa debe. Naye Kinyozi akasimulia jinsi wazazi wa Fundi Saa walivyokimbia vita upande wa pili wa mpaka, vyeti vyao vimefukiwa ndani ya unga, na Fundi Saa akamkatiza kuwa vyeti vilikuwa vya uongo, tusidanganye watoto wa shule. Fundi Saa alisimulia habari za mama yake Shangazi, aliyetembea kwa miguu kutoka nchi ya ziwa na watoto wawili, akajifungua wa tatu njiani. "Huyo wa tatu ni mimi," Shangazi akasema, "na mpaka leo miguu inaniuma." Kicheko kikafunika maneno ya mpishi wa mikate, aliyekuwa anaanza lake. Kanda ikafika dakika thelathini na nane. Wiki tatu baadaye mpishi wa mikate akafariki.

Habari za kanda hiyo zilifika kwenye kamati kabla Masikio hajamaliza kuisikiliza. Kila kamati yenye mzee humo ikadai mtu wake. Watu wa ziwani wakasema mkunga ni wao, wa ng'ambo wakasema kinyozi ni wao, na hivyo hivyo hadi wa saba. Mkurugenzi, aliyekuwa mwalimu wa jiografia na bado alipenda kila kitu kiwe na mpaka, alimwita Masikio akamwambia aikate kanda vipande saba, kila mzee apelekwe kwenye kitufe cha kwao.

Masikio akaeleza kwamba sauti zimelaliana. Ukimtoa mmoja unatoka na mkono wa mwenzake.

"Zimelaliana kwa sababu umetumia maiki moja," mkurugenzi akasema. "Mama, kosa hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halifanyi."

Neno hilo lilimkaa kifuani. Aliuliza kama wangeweza kuiingiza kanda nzima ilivyo, akajibiwa kwamba nzima haina kitufe, na kisicho na kitufe hakifunguki. Ama ikatwe kufikia kikao cha Ijumaa, ama iachwe kabisa.

Jioni hiyo alikwenda kwa Shangazi. Alimkuta kibarazani anachambua mchele, akamweleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba. Alisema anafikiria kuwaambia kanda imeharibika. Shangazi hakuacha kuchambua.

"Mkasi ni wa nani?"

"Wangu, Shangazi."

"Na wao wamekuambia ukate nini hasa?"

"Kila mtu na maneno yake, apelekwe kwao."

"Basi wakatie, mwanangu. Usiwapunguzie hata neno. Wape hivyo hivyo walivyoomba." Akapuliza pumba. "Nawe acha kulialia. Ulianza kulia kabla hujatoka vizuri tumboni, mimi ndiye niliyekupokea, nikamwambia mama yako huyu atatusumbua."

Siku mbili nzima Masikio alikata. Ilikuwa kazi ya kuumiza. Kwenye kioo sauti zilionekana kama vilima vilivyopandana, naye akavitenganisha kimoja kimoja, akisikia kila kipande kikitoka na makovu: nusu ya kicheko, sauti ya kikombe, "debe!" ya mtu asiyeonekana. Wakati mwingine alivua vipokea sauti akakaa tu akitazama magodoro. Aliwaza kwamba maisha yake yote amekuwa akiondoa watu wengine nyuma ya mtu anayesema, na hakuwahi kujiuliza wanakwenda wapi.

Ijumaa ukumbi ulijaa wanakamati na chupa zao za maji. Masikio alisimama kando ya mitambo. Akawabonyezea watu wa ziwani kipande chao kwanza, dakika nne za mkunga.

Walimsikia mwenzao, kwa lafudhi yao safi kabisa, akisimulia habari za kinyozi kutoka ng'ambo, debe lake na barua yake. Mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti wao alitazama karatasi, kisha mitambo.

"Huyu ni wetu kweli?"

"Ni wenu," Masikio akasema.

"Mbona anasema ya watu?"

"Hayo ndiyo aliyosema. Mmeniagiza nimkate, nimemkata."

Akawabonyezea wa ng'ambo. Kinyozi wao akasimulia vita ya mpakani na vyeti ndani ya unga. Mama mmoja wa kamati hiyo, mwenye miwani ya mnyororo, akauliza safari ya babu zao iko wapi, akaambiwa wanayo watu wa ziwani. Wa mpakani wakapewa Fundi Saa, naye akawapigia hadithi ya mwanamke aliyetembea kutoka ziwani. Kufika kipande cha nne minong'ono ilikuwa imegeuka makelele. Mmoja alipendekeza wabadilishane: nipe babu yangu nikupe mama yako. Ikaonekana wazo zuri, mpaka mwingine akakumbusha kwamba hapo kila kitufe kitakuwa kinasema kwa kinywa cha jirani, na kamati yake haijapitisha vinywa vya majirani. Mtu akacheka. Mkurugenzi akagonga meza, akamtazama Masikio kwa jicho la mtu anayeanza kuelewa kwamba ametiiwa kupita kiasi.

Mama wa miwani ndiye aliyeuliza kama kanda ile nzima bado ipo. Masikio alikuwa nayo. Aliiweka, akaongeza sauti, akaegemea ukuta. Dakika thelathini na nane hakuna aliyefungua chupa ya maji. Walicheka pale wazee walipocheka. Lilipofika lile neno la mpishi wa mikate lililofunikwa na kicheko, Masikio alitazama sakafu.

Kamati zote kumi na mbili zikakubali iingie nzima. Ndipo mkurugenzi alipotoa busara yake: kiongezwe kitufe cha kumi na tatu, kiandikwe "Wengineo".

Watu wakaanza kukusanya mikoba. Masikio akasema hapana.

Mkurugenzi alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba waingie ofisini, akafunga mlango, akaweka mezani fomu ya sauti, ile ambayo bila sahihi ya fundi mradi usingepelekwa wizarani. Ulitakiwa huko Jumatatu.

"Mama, umepata ulichotaka. Tia sahihi."

"Wengineo ni neno la mtu aliyechoka kuhesabu," Masikio akasema. "Hawa walihesabiwa. Karani wa kiwanda aliwahesabu mmoja mmoja, chumba kwa chumba. Mimi nilizaliwa chumba cha kumi na tisa. Sitii sahihi."

Mkurugenzi akamkumbusha kwamba yupo fundi mwingine wa kuazima chuo jirani. Masikio akasema amwite tu, ila amwambie mapema kwamba kanda ile ina kasoro za sauti thelathini na moja ambazo yeye peke yake anazijua zilipo, na wizara ina masikio pia. Mkurugenzi akakaa. Alivua saa akaiweka mezani, akaonekana ghafla ni mtu mchovu tu mwenye kazi nyingi, na Masikio akamwonea huruma kidogo, lakini hakusogeza mkono kwenye kalamu.

"Basi nipe jina la kuandika."

"Niliwauliza wazee jana, nikijua mtafika hapa. Wamebishana kuanzia saa nane mpaka adhana ya magharibi. Hawakupata."

"Wameshindwa?"

"Hawakutaka. Kila jina lililotajwa lilimwacha mtu nje, na aliyeachwa yuko hapo hapo kwenye mkeka anakutazama."

"Kitufe hakiwezi kukaa kitupu. Shule zitadhani ni hitilafu ya mitambo."

"Waambie ni hitilafu."

"Nani kaifanya? Kwenye fomu kuna sehemu ya hitilafu, na kila hitilafu ina jina la mtu. Hiyo inaingia kwenye faili lako, Mama. Umebakiza miaka michache ustaafu."

Masikio akavuta fomu upande wake. Alitafuta sehemu ya hitilafu, akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka: kitufe cha kumi na tatu hakina jina, fundi sauti amekiacha hivyo kwa kusudi. Akatia tarehe, akatia sahihi. Kisha akamgeuzia mkurugenzi karatasi, akamsogezea na kidau cha wino wa mhuri, akavuta kiti, akaketi kumsubiri agonge.