Mistari Miwili kwenye Ukanda

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilifanya kazi ya maabara Msambweni, kwa watafiti waliokuwa wakichunguza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilikuwa mtu wa bara, mjuaji, na kazi ile niliipenda kupita kiasi. Unaweka tone la damu kwenye ukanda mwembamba, unapitisha umeme, na himoglobini inaanza kutembea, ikijipanga kwa mistari. Ya kawaida hutangulia. Ya selimundu hubaki nyuma, na tofauti yao ni kijenzi kimoja tu cha protini. Kimoja! Niliikodolea macho mistari ile hadi chai ikapoa.

Siku moja alikuja mama kutoka Bodo na binti yake wa miaka miwili, vidole vimemvimba, akilia kwa maumivu. Nilimwambia arudi na mtu wa kutia sahihi ya ruhusa. Alirudi na mwanamume mpole, ambaye alitia sahihi. Nilipokwisha kuwatoa damu mama na mtoto, nikamwomba naye mkono, akanyoosha. Sikuuliza yeye ni nani.

Majibu yalinifurahisha. Mama mistari miwili, wa kawaida na wa selimundu, mwanamume miwili vilevile, mtoto mmoja tu, ule wa nyuma. Hesabu ilikaa sawasawa.

"Baba," nilimwambia, "mtoto amerithi kwenu nyote wawili."

Walicheka. "Huyu ni kaka yangu," mama alisema. "Ruhusa ya mtoto angetoa nani kama si mjombake?"

Niliona haya. Nilijua Wadigo wengi, wenyeji wa pwani ile, humhesabu mtoto kwa upande wa mama, ila siku ile ujuzi wangu wote ulikuwa kwenye ukanda. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

Kisha mama akaacha kucheka. Mumewe, mpishi wa hoteli kule Galu, alikuwa ameshasema kuwa ugonjwa huo ni wa ukoo wa mke, na kwamba atamwacha. Sasa karatasi yangu ilimtaja mke pamoja na kaka yake. Nilikuwa nimemwandikia mume ushahidi kwa mkono wangu.

Niliomba mume aitwe. Mtoto hawi na mstari ule mmoja bila kupokea kutoka kwa mama na kwa baba. Nilipokwisha kutuma ujumbe ndipo hofu iliponishika: je, damu ya mume ikitoa mstari wa kawaida peke yake? Hapo ingeonekana mtoto si wake, nami ningekuwa nimevunja nyumba ya watu kwa udadisi wangu.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, amenuna, mkewe na mtoto wakimfuata nyuma. "Salaam aleikum. Haya, pima, tuone."

Nilipima. Yeye alisimama nyuma yangu akitazama. Rangi niliyotia kwenye ukanda ilipokolea, ilionekana mistari miwili.

Nilimweleza kwamba yeye si mgonjwa. Kwamba kuwa na mistari miwili huenda kulimkinga na malaria kali utotoni. Jambo hilo lilinishangaza kila nilipolieleza, kwamba kinachomkinga mzazi ndicho kinachomtesa mwana. Yeye hakunisikiliza. Aliinama kuutazama ukanda.

"Tangu azaliwe naambiwa huyu ni mtoto wa wajomba," alisema polepole. "Kumbe ana changu." Akavigusa vidole vya mtoto. "Na changu chenyewe ndicho kinachomuumiza."

Akamgeukia mkewe. "Niwie radhi. Nipe mtoto nimbebe, twende nyumbani."