Niliwaandikisha Wote kwa Barua Pepe Yangu, Kisha Nikamtupia Mdogo Wangu Lawama

Mwenye makosa ni mimi. Nasema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Nimetafutiwa vingi, na vyote nimevikataa.

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la saba, nikaenda kuuza viazi na vitunguu sokoni Kitale. Wadogo zangu wote walisoma. Sitaki pole ya mtu! Nilitaka wasome, na wakasoma.

Kitinda mimba wetu, nitamwita Nafula, alisomea kompyuta. Alipata kazi kwenye saiba moja mjini, chumba kidogo cha intaneti kando ya fundi viatu. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, watu walikuwa wanapanga foleni hapo ili kufungua barua pepe na kuchapisha barua za kuomba kazi.

Sisi wafanyabiashara wadogo wa Kitale, Bungoma na kule mlimani tulikuwa na chama, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tukapanga siku ya biashara katika ukumbi mmoja Bungoma. Wauzaji wangekaa na meza zao, na wanunuzi wakubwa, wale wanaolisha mashule na mahoteli, wangepita wakizungumza nao. Wanunuzi walitoa sharti moja: kila muuzaji ajiandikishe mapema ijulikane anauza nini. Ambaye hajaandikwa haingii.

Kamati ikasema tuandikishe kwa intaneti, na kazi ya kuchagua tovuti nikapewa mimi.

Nafula alikuwa ameshanitengenezea moja. Unaweka jina, nambari ya kitambulisho na bidhaa yako, umemaliza. "Hii inatosha watu wetu," aliniambia. "Wengi wao hata barua pepe hawana."

Upande wa pili kulikuwa na kijana wa Nairobi mwenye tovuti ya picha za watu waliovaa suti wakishikana mikono. Alikuwa ananipigia simu kila mara. "Mheshimiwa Mwenyekiti, watu wa hadhi yako wanatumia hii." Ee! Mimi muuza viazi, mheshimiwa!

Nikachagua ya Nairobi.

"Kitu kilichotengenezwa hapa kando ya fundi viatu, nani atakiamini?" nilimwambia Nafula. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ile ya kweli ni kwamba sikutaka isemwe Mwenyekiti anaongozwa na mtoto aliyemlea kwa uji.

Tukakaa kwenye kompyuta, mimi nikisoma majina, yeye akiandika. Tovuti ikaomba barua pepe ya mtu wa kwanza, Mama Chebet, mkulima wa viazi kutoka Kapsokwony.

"Hana," nikasema. "Weka yangu."

"Na anayefuata?"

"Weka yangu."

Nafula akaacha kuandika, akanigeukia. "Utawekea wote yako?"

"Wewe shuleni ulipotakiwa kuleta sahihi ya mzazi, nani alikuwa anaweka? Si ni mimi? Nyote wanne kwa sahihi moja, na hakuna mwalimu aliyekataa."

"Kaka, kompyuta si mwalimu. Wacha basi nimwandikie huyo wa Nairobi nimuulize kama inakubalika."

"Umwambie nini? Ati mwenyekiti hajui? Andika!"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza nimsikilize. Lakini kila tulipobonyeza, tovuti ilijibu kwamba usajili umepokewa, asante. Nikacheka. "Unaona? Inashukuru!" Nafula hakucheka. Akaendelea kuandika, kwa sababu tangu utotoni amezoea kwamba nikisema, nimesema.

Ukweli ni kwamba sikujua barua pepe ni nini hasa. Nilidhani ni kama sanduku la posta la kanisa, ambalo waumini wote wanaandikiwa barua kupitia humo. Ningeuliza, angenieleza. Sikuuliza.

Siku ikafika. Watu wa Kapsokwony waliteremka mlima na magunia yakiwa yamefungwa nyuma ya pikipiki. Mama Chebet alikuwa amechagua viazi kimoja kimoja, akaviosha vikang'aa. Nafula naye alikuja amevaa vizuri sana. Alitumaini kuonana na wenye ukumbi ili mwaka unaofuata kazi ya kuandikisha apewe yeye. Alitaka kufungua saiba yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ingekuwa nafasi yake.

Mlangoni palikuwa na dada aliyewekwa na wanunuzi, na kompyuta yake. Akatafuta, akatafuta tena. Akaniambia, "Kutoka kwenu nina mtu mmoja tu."

Mmoja!

Ile tovuti ilihesabu barua pepe moja kuwa mtu mmoja. Kila nilipoleta jina jipya, lilikalia lile la zamani na kulifuta. Aliyebaki ni wa mwisho tuliyemwandika, mzee wa Matulo anayefuga kuku. Akaingia peke yake na gambuti zake za shambani, ananiita kwa mkono, "Mwenyekiti, kujeni bana! Huku kuna chai!"

Sisi wengine tukabaki nje. Nilimsihi yule dada, akasema amri si yake. Kupitia dirishani tuliwaona wanunuzi wakizunguka meza tupu, wakitazama saa zao.

Mama Chebet ndiye aliyeanza. "Mwenyekiti, si ulituambia umetuandika? Sasa, hivi viazi nirudi navyo mlimani?"

"Ati chairman wa kompyuta!" mwingine akapaza sauti, wakacheka kicheko kibaya.

Nami, niliyesimama imara kwenye makaburi mawili, niliyewakatalia jamaa waliotaka kutugawana kama kuku baada ya mazishi, niliogopa kicheko! Nikamnyooshea Nafula kidole.

"Muulizeni huyu. Ndiye alikuwa anaandika. Mimi nilisoma majina tu."

Uongo wenye nguo safi, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli.

Wakamgeukia. Mama Chebet akamwambia, "Kumbe msichana wetu, masomo yako ni ya kutuchimbia shimo?" Nafula alinitazama. Neno moja tu lingenimaliza pale pale, na hakulisema. Akaondoka bila kuonana na wenye ukumbi.

Kitale habari zilifika kabla yetu. Wateja wakaanza kumkwepa: "Huyo atakufutia jina." Mwenye saiba akamwambia apumzike kwanza. Nafula akafunga nguo zake akahamia Bungoma kwa rafiki, na simu zangu akawa hapokei.

Niliporudi mbele ya kamati, walikuwa wameshanipangia njia ya kutokea. "Mwenyekiti, yaache yapite. Ni msichana, ataolewa, watu watasahau." Na mwingine, kwa huruma kabisa: "Hata ukisema ni wewe, watakusamehe. Wewe si hukusoma."

Hapo ndipo nilipokasirika! Nikasimama nikawaambia: msinisamehe kwa sababu sikusoma. Kuacha shule hakukunifundisha kusema uongo. Barua pepe ilikuwa yangu, amri ilikuwa yangu, na Nafula alinionya. Andikeni hivyo. Wakaninyang'anya uenyekiti siku hiyo hiyo, na sikuomba nibakishwe.

Nikapanda Kapsokwony kumwambia Mama Chebet mwenyewe. Alinisikiliza huku akipalilia, hakunipa hata kiti. Kisha nikaenda Bungoma.

Nafula alinikuta mlangoni. Nikamweleza niliyosema na kwa nani.

"Umewaambia wote," akasema. "Mimi umenifikia wa mwisho."

Alinikaribisha ndani, tukanywa chai. Lakini mpaka leo ananiongelesha kama mgeni.

Sasa wewe kifungua mimba unayesoma hapa, uliyelea wadogo zako mpaka wakakupita, nisikilize. Ulichowalisha hakikukupa haki ya kuwakanyaga ili usionekane mfupi. Mtoto uliyemsomesha akikuambia hii siyo, muulize kwa nini. Muulize mbele ya watu, kwa sauti! Atakayecheka, acheke.

Jina langu sikuliandika. Usidhani ni woga, soko lote la Kitale linajua ni nani. Sikuliandika kwa sababu ni jina la baba, tunalitumia mimi na Nafula, na nimeshamchafulia mara moja.