Mashine Iliyokula Ng'ombe wa Kemunto

Pale ufukweni mwa ziwa tulikuwa watano, na wote nawajua kama vidole vya mkono huu. Alikuwepo baba yangu, Ombati, mwenye boti. Alikuwepo Onsongo, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa anangojea kuoa. Alikuwepo dada yangu Kemunto, aliyetupikia, na mume wake Nyakundi, mtu wa Magwagwa, fundi wa mashine. Na mimi Nyaboke, kitinda mimba, niliyeletwa kuchota maji na kuosha sufuria. Mama alibaki nyumbani Mosocho, akikata ndizi na kututumia kwa lori. Lakini nikifumba macho, sura zao haziji kwanza. Inatangulia harufu: petroli iliyochanganywa na oili, ndizi zilizoanza kuchacha, na samaki wa majirani juani. Mpaka leo, mjukuu akifungua tangi la pikipiki yake hapa Nyanchwa, chakula hakinipiti kooni.

Utaniuliza, Mkisii na ziwa wapi na wapi? Sisi ni watu wa milima, maji yetu ni ya kisima na ya mvua. Lakini baba alikuwa ameona watu wa visiwani wakigombania ndizi kama watoto, akarudi nyumbani na wazo ambalo halikumtoka. Akauza ng'ombe wa mahari ya Kemunto, akanunua boti kuukuu na mashine ya kufunga nyuma. Hapo ndipo uchungu ulipoanzia. Kwetu ng'ombe wa binti hawaliwi ovyo. Dada akiolewa, ng'ombe wale ndio kaka yake anaoa nao. Wale walikuwa wa Onsongo. Mama alimwambia, "Ombati, ng'ombe hao wana mwenyewe." Baba akajibu, "Watarudi, tena na ndama." Mama aliendelea kumenya ndizi. Namkumbuka alivyomenya, maganda mazito, kama mtu anayechuna ngozi.

Wenye boti za kubeba ndizi walikuwa wawili, baba na Okoth, mzaliwa wa ziwani. Mwenye ghala kule kisiwani alichoka na ndizi zinazofika zimeiva. Akasema Jumapili fulani wote wawili wapakie, watoke pamoja, na atakayefika kwanza ndiye atakayembebea mwaka mzima. Baba alipokea neno hilo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akishinda, ng'ombe watarudi na Onsongo ataoa. Akishindwa, tumebaki na mbao na chuma.

Shida ni kwamba boti yetu ilikuwa nzito kwenda. Mashine ilinguruma kama ng'ombe aliyezama topeni, na boti ikainua pua, mkia ukaburuta maji. Nyakundi aliisikiliza siku moja tu akajua. Propela ilikuwa kubwa kuliko nguvu za mashine, mbawa zake zinakamata maji mengi mno. Akakaa na tupa, akapunguza ncha za mbawa kidogo kidogo, akizipima kwa uzi zisipishane, maana bawa moja likizidi jingine boti yote inatetemeka. Akasafisha plagi, akarekebisha kabureta. Tulipoijaribu, mashine ilitoa sauti nyembamba, safi, na boti ikapanda juu ya maji. Kemunto alipiga vigelegele akiwa ameshika mwiko. Sijawahi kumwona tena akiwa na furaha ile.

Lakini angalia namna kazi hiyo ilivyofanyika. Kwetu kuna heshima ya aibu, tunaiita chinsoni, kati ya mtu na baba wa mke wake. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Mkwe hamkosoi baba mkwe, na neno la mwili, hata dogo, halitajwi mbele yake. Basi hawa wawili waliinamia mashine moja, huyu upande huu, yule upande ule, wakizungumza kupitia kwa Onsongo. "Onsongo, mwambie mwenye spana akaze hiyo." Na mwenye spana yuko hapo hapo, pua yake inagusa mashine. "Onsongo, mwambie mzee imekazwa." Vijana wa Okoth walikuwa wakija kutazama kama sinema. Mmoja akauliza, "Wakisii, nyinyi hata mkiibiwa mnamtuma mtu akapige kelele?" Tulicheka, hata Nyakundi akacheka chini chini.

Ilipokaribia Jumapili, baba alitaka mwendo zaidi. Alikuwa ameona kwamba mashine ikiinuliwa kidogo kwenye ubao wa nyuma, chuma kinachoburuta majini kinapungua na boti inaongeza kasi. Nyakundi alikuwa ameiinua vidole viwili. Baba akaweka kipande kingine cha mti, ikawa vidole vinne, na kweli ikakimbia kuliko jana. Mzunguko mfupi tu, karibu na nchi kavu, boti ikiwa tupu. Akaridhika.

Asubuhi ya Jumapili, Onsongo alikuwa barabarani akipokea lori la ndizi. Baba akaamua mikungu yote ipangwe mbele, ili pua ya boti isiinuke. Nyakundi alisimama nyuma ya nyavu za wavuvi akatazama ule mkia ukipanda. Mashine ya namna ile ina tundu chini linalonyonya maji ya kuipoza, na maji hayo yanatoka pembeni kwa mchirizi mwembamba. Ufukweni wote walisema mashine inakojoa. Ikikojoa ni nzima, ikiacha inaungua. Mkia ukipanda, tundu lile litanyonya upepo. Nyakundi aliliona hilo wazi kama jua, na Onsongo hayupo. Angemwambiaje baba mkwe, na kwa neno lipi? Akaniita mimi. Uso wake ulikuwa na jasho. "Nyaboke, nenda kamwambie mzee mashine haitapata maji. Aishushe."

Nilikimbia. Nilikuwa mtoto, na mbele ya wageni tulisema Kiswahili; changu ni kile nilichookota kwa vijana wa Okoth. Baba alikuwa amesimama kati ya watu, Okoth mwenyewe yupo. Nikasema kwa sauti, "Baba, shemeji anasema mashine yako haitakojoa!"

Watu walianguka kwa kicheko. Okoth akajipiga paja. "Ombati, mkwe wako anachunguza mpaka mkojo?" Baba hakucheka. Nilimwona akikunja uso kama karatasi. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, bila kugeuka, maneno ya kusikika mpaka kwenye nyavu, "Tangu lini aliyenitolea ng'ombe akawa baba yangu?" Akapanda botini na vidole vyake vinne vya ubao. Sijilaumu. Mtoto ni mfereji, anapitisha alichomiminiwa. Lakini mficha uchi hazai, na siku ile tulificha mpaka tukapoteza kila kitu.

Alimtangulia Okoth mbali, hilo nalisema kwa haki. Watu walishangilia. Kisha katikati ya ghuba tukaona moshi, na sauti ile nyembamba ikakatika kama uzi. Okoth akampita, wala hakupunguza mwendo. Upepo ulimsukuma baba mpaka kwenye mafunjo, na alipovutwa kurudi, ndizi zilikuwa nyeusi kwa jua. Fundi wa pale alipoifungua mashine, alikuta pistoni imegandana na silinda, chuma na chuma kimekuwa kitu kimoja. Akasema, "Imekosa maji." Baba alisikia. Akaenda kunawa mikono.

Nyumbani Mosocho hakusema mashine ilikosa maji. Alisema mkwe wake aliiharibu mashine makusudi. Alilisema mbele ya wazee wa Magwagwa, naye Nyakundi ameinamisha kichwa, hajibu, kwa ile ile heshima. Watu wake ndio waliojibu: turudishieni ng'ombe, mchukueni binti yenu. Ng'ombe wapi? Walikuwa wamelala kwenye ubao wa nyuma wa boti. Basi Kemunto alibaki kule, si mke aliyependwa wala binti aliyerudishwa, akipikia watu wasiomwamkia, mpaka alipokufa. Baba hakwenda kumzika. Onsongo alikwenda kuchuma chai Kericho na hakurudi na mke wala habari.

Ile propela iko kwangu. Naitumia kugandamiza kifuniko cha pipa la unga, na ukipapasa ncha zake unaisikia tupa ya Nyakundi. Mwezi uliopita mume wa mjukuu wangu, Brian, kijana wa Nyamira, aliketi meza moja na mimi, akala, kisha akasema usoni mwangu, "Nyanya, paipu yako ya gesi imetoboka. Utatuchoma wote." Nilikasirika. Moyoni nikasema, hawa wamezaliwa bila aibu. Niliinuka nikafunga mtungi, nikasimama jikoni muda mrefu, mkono juu ya propela. Sisi tulikuwa na heshima ya kutosha kuizika nyumba nzima.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Huenda nimekosea, labda vilikuwa vidole vitatu, labda ni mti tofauti. Kama yuko mtu wa Magwagwa aliyesikia vingine kwa Nyakundi, mlango wangu uko Nyanchwa na hauna kufuli mchana. Aje anirekebishe kwa mdomo wake mwenyewe. Asitume mtoto.