Kipande Ambacho Bimdogo Hakukiona

Mwone kwanza anavyokuja. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, buibui limemfunika mpaka vidole vya miguu, mwavuli mkononi ijapokuwa mvua hakuna, anaikata Barabara ya Nane pale Ngamiani polepole, maana mwalishi hakimbii. Akifika mlangoni haingii. Anabisha mara tatu, anataja jina la mwenye nyumba, kisha la mkewe, kisha la kila binti aliyetimia umri wa kualikwa, kwa mpangilio wao wa kuzaliwa. Akimruka mmoja, nyumba nzima haiji. Huyo ndiye Bimdogo binti Kombo, na mwaka ninaousema ni wa hamsini na sita.

Kwao hasa ni Tongoni, lakini mjini aliingia akiwa mwari, akaolewa, akafiwa, basi. Kazi yake ilikuwa kualika watu. Pakiwa na harusi kwa Waarabu au kwa Waswahili wenye jina, hutumwa yeye, kwa sababu wanawake wa utawa, wale wanaokaa ndani, hawatolewi nyumbani na karatasi. Hutolewa na neno la mtu wanayemjua. Yeye akishasema kwamba wanaume hawatapita uani, mume wa mtu humruhusu mkewe na kulala usingizi wake wa mchana. Miaka kumi na saba alisema maneno kwenye vizingiti vya watu, na halikutokea hata moja likaja kuwa vingine. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kumtunza. Alikuwa na neno lake, nalo ndilo lililompikia.

Sasa, mwenye sinema mmoja pale mjini alitaka kuanzisha onyesho la wanawake peke yao, kila Jumatano alasiri. Akabandika tangazo. Hakuja mtu. Wiki ya pili akabandika kubwa zaidi, wakaja wawili, tena mmoja alikuwa amepotea njia. Ndipo alipoambiwa amtafute Bimdogo.

"Nitakualikia," Bimdogo akamjibu. "Ila sialiki watu kwenye kitu nisichokiona. Kila picha nionyeshwe mimi kwanza."

Ikawa hivyo. Kila Jumatano saa tatu asubuhi alikaa peke yake katikati ya viti mia tatu vitupu, na kule juu, nyuma ya kitundu cha ukutani, alikuwepo Kristofa, Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, kijana mpole aliyeendesha mashine. Waliongea kupitia kitundu kile.

"Mama, umelala?"

"Nalala vipi, na huyu wifi anataka kumtilia mwenziwe sumu?"

"Atamtilia?"

"Mashine unayo wewe, waniuliza mimi?"

Akitoka hapo, huyo, milangoni. Aliwaeleza picha inahusu nini, nani analia, nani anaolewa. "Pana mahali mwanamume anamshika mwanamke mkono," aliwaambia. "Mwenye haya ainame kidogo, si pengi." Wakicheka, wakija. Baada ya miezi mitatu ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, na kiti cha mlangoni kilikuwa chake Bimdogo, mwavuli umelala magotini, mwanamume hapiti.

Katika nyumba alizoziendea, moja ilikuwa ya Bi Asmahani. Bibi huyu alikaa na mwanawe Mohsin na mke wa Mohsin, Shamsiya. Shamsiya alikuwa na mtoto mmoja tu, Sadalla, ndiyo kwanza anaanza kuita watu majina. Homa ilimshika alfajiri. Adhuhuri alikuwa ameshakwenda zake, na kabla ya magharibi alikuwa amezikwa. Nanyi mnajua desturi yetu, mwanamke haendi makaburini. Shamsiya alimwona mwanawe akitoka mlangoni mikononi mwa baba yake, kitambaa cheupe, basi. Yaliyokuwa huko mbele hakuyaona. Arobaini ilipita, wasomaji wakala wakaondoka, na yeye bado amekaa ameuelekea ukuta.

Bi Asmahani alimwita Bimdogo aingie ndani, jambo ambalo si la kawaida kwa mwalishi.

"Mtoto wa watu ananikaukia," alisema. "Nataka atoke, aone watu. Lakini hiyo picha yako ya leo, ina msiba?"

"Haina, Bibi."

"Hafi mtoto?"

"Yumo mtoto, anapotea sokoni, wanamwona. Nimeitazama asubuhi hii mpaka mwisho."

"Unaapa?"

"Wallahi, hataona maiti mle ndani."

Shamsiya akavalishwa buibui.

Bimdogo hakusema uongo, na mtu asije akakuambia vingine. Lakini kabla ya picha yenyewe huwa kuna vionjo, yaani vipande vifupi vya picha itakayokuja wiki nyingine, ili watu watamani kurudi. Mpaka siku ile vionjo vyote vilikuwa vya nyimbo na michezo, na hakuna aliyevihesabu kuwa ni picha. Kristofa hakujisumbua kumwonyesha Bimdogo asubuhi. Bimdogo hakujisumbua kuviulizia. Wanawake wenyewe ndio wakati walioutumia kusalimiana, kupashana habari za wagonjwa na kupitishiana visheti. Mchana ule basi la Mombasa lilileta mkebe mdogo wa kipande kipya, na tajiri wake, yule mwenye sinema, akamwambia Kristofa akitie kile kipande mbele ya picha. Kristofa alikiunga bila kukitazama, maana alikuwa anasafisha mashine na saa ilikuwa imekwenda.

Taa zikazimwa. Mabuibui yalikuwa yametundikwa kwenye migongo ya viti, watu wanaongea. Kwenye kitambaa cha sinema ikaonekana mvua, nchi ya baridi, wanaume wamebeba sanduku dogo. Mazungumzo yakapungua. Udongo ukatupwa. Halafu wale watu wakaondoka, akabaki mmoja, baba mtu, akalala kifudifudi, sikio ameliweka juu ya kaburi. Akaanza kufukua kwa kucha. Kifuniko kikainuka. Kitambaa cheupe, na mkono mdogo umetokeza nje, na kidole kimoja cha mkono ule kikasogea.

Hapo hapo maandishi ya Kiingereza yakajaa, ngoma zikapigwa, kwisha. Haikufika hata dakika mbili.

Ngoma ziliponyamaza, Shamsiya aliita, "Sadalla." Hakupiga kelele. Aliita kama unavyomwita mtoto aliyeko chumba cha pili.

Na wanawake mia tatu wakainuka. Viti vilianguka. Mmoja alirusha kiatu kikapiga kitambaa katikati ya yale maandishi, wengine wakapanda mpaka mlango wa Kristofa wakaupiga kwa ngumi mpaka akazima mashine na kujifungia. Waliobaki walikimbilia nje, na mabuibui waliyaacha vitini. Saa kumi alasiri, jua kali, barabara ina wenye maduka, ina makuli waliotoka bandarini, na wake za watu wanatoka vichwa wazi, wengine miguu mitupu. Wanaume wenye adabu waligeukia ukutani. Si wote waliokuwa na adabu.

Bimdogo alisimama mlangoni akiwagawia mabuibui waliyoyasahau, yeyote apate lolote. Mwanamke mmoja wa makamo alilipokonya lake mkononi mwake.

"Bimdogo, umetualika kwenye picha au umetualika matangani?"

Bimdogo akamgeukia anayefuata, akampa buibui.

Kwa waume wa watu jambo lile lilikwisha haraka. Walimwendea mwenye sinema, wakaongea, naye akakubali. Mkebe ukarudishwa na basi la kesho yake, na akaahidi kwamba picha ile haitaonyeshwa Tanga kamwe. Alasiri ya wanawake nayo ikafungwa. Kwa Bimdogo ndiyo kwanza lilianza. Bi Asmahani alimfungia mlango, na nyumba nyingine zikafuata. Harusi ya nyumba ya Turki ilikuwa karibu, akamsikia mwalishi mwingine akibisha mlango wa jirani yake. Alikuwa mtu wa Mnyanjani, tena kigugumizi. Alipopita Barabara ya Nane walimwitikia salamu kama mnavyomwitikia mpita njia.

Kristofa alimjia nyumbani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, niache niwaambie watu kosa ni langu."

"Uwaambie, kisha? Ufukuzwe, urudi Mlalo ukapalilie viazi? Na mimi nitakuwa bado nimeapa." Akamkaribisha chai. "Nilisema nimeitazama. Ningeuliza, kuna kingine? Sikuuliza."

Wiki tatu zikapita hivyo. Siku moja, jua limechomoza tu, akasikia mlango wake unabishwa. Bi Asmahani mwenyewe. Bibi kama yule kutembea kwa miguu mpaka nyumba ya makuti ya mwalishi, lazima kuna jambo limemtoa.

"Shamsiya halali," alisema, kabla hata ya kuketi. "Anauliza neno moja tu. Yule mtoto wa kwenye picha, alikuwa hai? Anasema wetu tulimzika upesi. Anasema kidole kilisogea, watu wote walikiona. Juzi Mohsin kamkuta mlangoni, amevaa viatu, ameshika upawa wa jikoni. Akamwuliza, wenda wapi? Akasema, nakwenda kutazama."

Bimdogo akauchukua mwavuli wake.

"Picha iko wapi, niitazame?"

Ndilo swali Bimdogo alilompelekea Kristofa siku ile ile, mpaka chumbani kwake Makorora. Lakini Kristofa alikuwa amekiona kile kipande tu, kama wengine, tena robo yake. Akaandika barua kwa mwenzake wa Mombasa aendeshaye mashine kule. Walingoja siku kumi na mbili. Jibu likaja kwamba picha imeshakwenda Kampala, na ya kuwa yeye kazi yake ni kuangalia mwanga usififie, hadithi hazijui. Basi Tanga nzima, kuanzia Nguvumali mpaka Raskazone, hapakuwa na mtu aliyejua mwisho wa hadithi ile. Waliizuia wenyewe isije. Mtoto yule alibaki pale pale, kifuniko kimeinuka, kidole kinasogea.

Bimdogo akalipeleka jibu hilo kwa Bi Asmahani. Bibi alilisikiliza lote, kisha akasema kwa sauti ya chini, ili chumba cha pili kisisikie.

"Mwambie umeiona. Mwambie mtoto alikuwa maiti tangu mwanzo, baba ndiye aliyerukwa na akili."

"Bibi, wewe ulinifungia mlango kwa kuapia nisichokiona."

"Ndiyo. Na sasa nakufungulia kwa hicho hicho."

Bimdogo alikaa. Alifikiria, hivyo ndivyo alivyonisimulia, kwamba kitu alichobakiwa nacho ni kule kujua moyoni mwake kuwa hakuwahi kudanganya. Wengine walisema alidanganya, lakini yeye alijua. Na hicho ndicho anachoombwa akitoe sasa. Akasikia kutoka chumba cha pili mkwaruzo wa kitu ukutani, polepole, kama wa ukucha. Akainuka.

Shamsiya alikuwa amekaa mkekani. Mikono imekonda, bangili zimeteremka mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea habari ya ile picha."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kwa macho yako? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Mtoto alikuwa amekufa, Shamsiya. Alikufa kitandani kwake, kama wako. Baba ndiye huzuni ilimzidi."

"Sema wallahi."

Alisema. Shamsiya akashusha pumzi ndefu, akaacha kuukwaruza ukuta, mikono akaipakata. Mama mkwe mlangoni akageuka kufuta macho. Kisha Shamsiya akainua uso, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Na kile kidole, mama? Kilisogezwa na nini?"

Alijibu kitu. Hilo nalijua, kwa sababu Shamsiya alilala siku ile mpaka kesho yake, na hakuvaa tena viatu kwenda makaburini. Alizaa wengine wawili, ila kila mmoja akipata homa hakukubali aguswe na mtu, akikesha na kidole amekiweka chini ya pua ya mtoto, anapima pumzi. Bimdogo naye milango ilifunguka. Nyumba ya Bi Asmahani ilimsemea kwa watu, na harusi ya kwanza iliyofuata ilimtuma yeye. Alikataa. Ya pili akakataa. Alisema miguu inamuuma, na tulimwona akitembea mpaka Mabokweni kufuata miyaa ya kusukia mikeka.

Alikuwa mzee sana aliponisimulia, anasuka ukili, macho yameanza ukungu. Nikamwuliza alimjibu nini yule binti kuhusu kidole. Aliunga mwaa mwingine, akaukaza kwa meno, akanigeukia.

"Wewe ungemjibu nini?"