Bakteria Niliyempa Dada Yangu

Mnaonisikiliza, mimi ni Mama Hadija wa Mnyambe. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa shamba hasa. Nilifyeka mwenyewe chini ya mikorosho yangu, na Somoe, dada yangu tumbo moja, alinicheka kwamba nafyeka kama nagombana na mtu.

Siku moja panga likateleza, likanipata kwenye muundi. Nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Baada ya wiki mguu ulivimba, kidonda kikatoa usaha wa kijani unaonuka mpaka mume wangu akahamia sebuleni. Nilimeza rangi mbili, zile kapsuli za dukani. Nikipata nafuu naacha, homa ikirudi nameza tena. Ujinga wangu huo, sina wa kumsingizia.

Newala wakanipa rufaa, nikafika Dar es Salaam. Daktari akaniambia, "Mama, bakteria amefika kwenye mfupa, na dawa zetu zote anazitema. Kuna utafiti wa virusi vinavyokula bakteria. Tumevipata kwenye maji taka. Utakubali?"

"Hee! Sisi Newala tunalilia maji safi, ninyi mnatafuta machafu?"

Akacheka. Nikatia sahihi.

Walinimwagia virusi hivyo kidondani kwa siku kadhaa. Harufu ikaisha, nyama nyekundu ikaota. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani na kidonda kidogo kama kifungo cha shati, niwe nakisafisha kila siku, kisha nirudi kupimwa.

Somoe akaja kuniuguza. Yeye alikuwa na sukari, nyayo zimepasuka. Kila jioni alinikosha mguu kwenye beseni, kisha akatumbukiza miguu yake humo humo. Nikamwambia, "Dada, maji hayo yana uchafu wangu."

"Tumbo moja, unaogopa nini? Niyamwage, kesho tunywe nini?"

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza.

Wiki ya pili mguu wake ukatoa usaha wa kijani. Tukaenda Dar wote wawili. Wakamwekea virusi vile vile vilivyonisaidia mimi, havikufanya kitu. Ugonjwa ukaingia kwenye damu. Akaweweseka, akawa anamwita mama yetu aliyekufa zamani. Siku ya nne alifariki, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Tulimzika Mnyambe. Niliporudi hospitali, kidonda changu nacho kilikuwa kimefumuka. Daktari akaniketisha.

"Tumesoma jeni za bakteria wa dada yako. Ni yule yule wako, ila jeni moja imeharibika. Bakteria ana kama pampu kwenye ngozi yake, ya kutemea dawa. Virusi vyetu vilikuwa vinamshikia hapo hapo. Wachache waliozaliwa na pampu mbovu hawakushikika, wakabaki kidondani mwako, wakazaana. Lakini bila pampu hawezi tena kutema dawa. Dawa ya zamani sasa inamuua."

"Mngejua akiwa hai?"

Akainamisha kichwa. "Tungejaribu, mama. Pengine angepona. Majibu yalichelewa."

Nilichomwa sindano wiki sita, za dawa iliyojulikana kwenye usaha wa dada yangu. Mfupa ukapona. Natembea, nachechemea kidogo.

Nilikwenda mwenyewe kwa Zainabu, binti mkubwa wa Somoe, nikamwambia kwamba ugonjwa ulitoka kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Tangu aanze kusema alikuwa akiniita mama mdogo. Siku ile alinisindikiza mlangoni akasema, "Haya, Mama Hadija, safari njema." Simlaumu, ila iliniuma kuliko panga.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na wauguzi. Na wewe mwenye kidonda, maliza dozi, rudi upimwe. Maji ya kidonda mwaga, hata kama ndani hamna mengine. Ndugu yako akitaka kuyatumia, mnyang'anye beseni, mgombane. Akinuna, mwache anune. Anayenuna yuko hai.