Mfano Namba Moja

Kwa miaka thelathini na moja Eberhard Knödler alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Akiingia buchani na sanduku lake la mawe ya kupimia, mwenye bucha alijifuta mikono kwenye aproni na kuanza kuongea habari za hali ya hewa. Alipostaafu, ule ugonjwa wa kukagua haukustaafu naye. Ulihamia wote kwenye kabati la sebuleni, ambako tangu kabla ya kustaafu alikuwa akikusanya medali za majeshi ya zamani ya Ujerumani, na zaidi ya medali zenyewe, vibanio vya tepe.

Kibanio cha tepe ni kitu kidogo tu: vipande vya tepe za rangi, kimoja kwa kila medali, vimeshonwa pamoja juu ya bati lenye pini, ili askari ajulikane sifa zake bila kutembea akilia kifuani kama ng'ombe mwenye kengele. Anayejua kusoma rangi hizo na mpangilio wake atakwambia mwenye kibanio alikuwa wa mfalme gani na alifanya nini vitani. Akichimba vya kutosha kwenye orodha za zamani, mara nyingine atakwambia mpaka jina lake.

"Mume wangu anawajua marehemu elfu mbili kwa majina," mkewe Roswitha aliwaambia wageni, "ila jina la shemeji yake bado linampiga chenga."

Eberhard hakukataa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba kuna wanaume wanaokimbilia pombe na wengine wanawake, na kwamba yeye alipochungulia maovu yote ya duniani alichagua vipande vya nguo chakavu. Hilo alilisema kwa mzaha. Asichofanyia mzaha kilikuwa taa yake.

Ilikuwa taa ndogo ya mwanga wa zambarau, kama zile wanazotumia wenye maduka kukagua noti. Chini ya mwanga huo uzi wa zamani hukaa kimya. Uzi wa viwanda vya baada ya vita ya pili ya dunia hung'aa weupe wenye ubuluu, na hapo hakuna tena mjadala. Katika chama cha wakusanyaji, kilichokutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wa mjini kwetu, walimwita Bwana Taa. Walidhani wanamtania. Yeye alilipenda jina hilo mno, akawa anajifanya limemuudhi.

Kila alipotoa somo, alianza na kopo la biskuti lenye karatasi iliyoandikwa BANDIA. Ndani mlikuwa na vibanio arobaini na kimoja alivyovifichua kwa karibu miaka ishirini, kila kimoja na namba yake. Mfano Namba Moja kilikuwa cha babu yake mwenyewe, Gottlob, baba wa mama yake.

"Mnaona?" alikuwa akiwaambia. "Nilikitoa dirishani kwa mama, jikoni, Novemba ya mwaka themanini na sita, taa ikiwa mpya. Kikawaka kama mti wa Krismasi! Mzee alikishonesha uzeeni ili ajigambe. Kama sikumwonea haya babu yangu, nitakuonea haya wewe?"

Walimpigia makofi. Mama yake, Lydia, hakupiga makofi siku ile kibanio kilipowaka jikoni kwake. Alijifuta mikono iliyojaa povu, akamtazama mwanawe, akauliza, "Kwa hiyo hakina kazi tena?" Kisha akarudi kwenye sinki lake. Alifariki miaka mitano baadaye, na kibanio hakikurudi nyumbani kwake.

Sasa, Oktoba ya mwaka 2004, makumbusho madogo ya mji yalikuwa yanaandaa kabati moja la kioo la kuwakumbuka watu wa hapa waliokwenda vita ya kwanza. Bi Hedwig Schlotterbeck, mwenye miaka themanini na mitano, alikuwa anahamia makao ya wazee na akatoa kibanio cha baba yake, Jakob Gutekunst, aliyekuwa mpiga kwato, yaani fundi wa kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Tepe tatu: nyeusi na nyeupe ya Msalaba wa Chuma, ya njano yenye kingo nyeusi ya medali ya fedha ya mfalme wetu wa Württemberg, na ya msalaba wa heshima waliopewa waliorudi hai. Msimamizi wa makumbusho alitaka cheti cha mtaalamu. Akaitwa nani? Bwana Taa.

Kazi ilimchukua dakika nne, kuvua koti kukiwemo. Kibanio kiling'aa. Angeweza kupanda treni kwenda Stuttgart na kutafuta jina la Gutekunst kwenye orodha za waliopewa medali ya fedha, zipo na hazijaungua, lakini mtu mwenye taa anaenda kutafuta nini kwenye vumbi? Aliandika: "Nyuzi zinang'aa. Kimetengenezwa baada ya mwaka 1950. Huenda mhusika alikishonesha mwenyewe kwa kujipa sifa." Akapiga na muhuri. Ndiyo, alikuwa amejichongea muhuri.

Wiki iliyofuata simu ililia, Roswitha akapokea. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaweka simu chini.

"Ni Bi Schlotterbeck. Makumbusho wamemrudishia kibanio pamoja na barua yako. Anahama Jumamosi. Anasema kabla hajahama, uende ukamwambie usoni kwamba baba yake alikuwa mwongo."

"Sikuandika mwongo. Niliandika huenda."

"Basi nenda ukampelekee hiyo huenda yako."

Alikwenda Alhamisi saa tisa alasiri, taa mfukoni, kama daktari anayekwenda kurudia kipimo kwa mgonjwa mbishi. Mlangoni mwa Bi Schlotterbeck kilining'inia kibao cha zamu ya usafi, maana wiki ile ilikuwa yake kufagia ngazi za jengo zima. Bibi wa miaka themanini na mitano, anahama baada ya siku mbili, na ngazi zilikuwa zimefagiwa, zimepigwa deki na kukaushwa. Ndivyo tulivyo sisi huku. Tutakwenda mbinguni tumechelewa kwa sababu tulikuwa tunafuta kizingiti.

Bibi alimkaribisha jikoni, akamkatia keki ya tufaha, akakaa mbele yake na kuweka kibanio mezani.

"Haya, Eberhard. Nilikuona ukiwa na kamasi puani, kwa hiyo sitakuita Bwana. Baba yangu alikufa mwaka sitini na tatu. Hakuwahi kusema neno moja kuhusu ile medali ya fedha. Wewe unasema alijinunulia ili ajigambe. Alijigamba kwa nani?"

"Mama, mimi sisemi. Taa ndiyo inasema."

"Basi iseme nikiwepo."

Aliinuka, akavuta mkanda wa pazia la mbao la dirisha, likashuka kwa kishindo mpaka chini. Giza likaingia jikoni. Eberhard akawasha taa, akaielekeza mezani kwa uhakika wa karibu miaka ishirini.

Kibanio kiling'aa. Kitambaa cha meza chini yake kiling'aa zaidi. Aliinua taa kidogo: taulo la vyombo liliwaka ukutani, mapazia yakawaka, kola ya bibi ikawaka. Akatazama chini. Mikono ya shati lake mwenyewe, ambalo Roswitha alilifua Jumatatu, iliwaka hadi kwenye vifungo kana kwamba ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Miaka yote hiyo alikuwa akiwasha taa juu ya kitambaa cheusi alichokinunua mahsusi kwa kazi hiyo, na hakuwahi kuielekeza pembeni.

"Eh," bibi akasema gizani. "Na aproni yangu nayo ni bandia?"

"Mama... kibanio hiki umewahi kukifua?"

"Wewe! Kwa hiyo nikiweke na uchafu? Nakifua kila Novemba, wiki moja kabla ya Jumapili ya Wafu, halafu nakwenda nacho makaburini nimekibana kifuani. Toka baba alipokufa."

"Kwa sabuni ya unga?"

"Kwa mate?"

Eberhard aliketi. Sabuni zote za unga tangu miaka ya hamsini zina dawa ya kufanya nguo ziwake nyeupe, hilo alilijua. Lilikuwa hata kwenye kitabu alichokuwa nacho nyumbani, ukurasa aliokuwa ameupigia mstari. Alichoshindwa kuwaza ni kwamba mtu anaweza kufua kibanio cha tepe. Mkusanyaji hafui. Mkusanyaji akiona tepe inakaribia maji, moyo unamsimama. Aliwajua watu wa mji huu maisha yake yote, watu wanaofua hadi vitambaa vya kufutia sakafu, na halikumjia kichwani.

"Hebu nimulike hapa," bibi alisema, akatoa mdomoni meno yake ya kupachika. "Na haya?"

"Hayang'ai, mama. Ni meusi tititi."

"Basi humu ndani ndiyo kitu pekee halisi! Nimetengenezewa Reutlingen mwaka themanini na tisa!"

Alicheka mpaka akashika meza, na Eberhard naye akacheka, cheko la mtu aliyeteleza sokoni na kuamua kuamka akicheka mwenyewe kabla wengine hawajaanza. Kisha bibi akapandisha pazia, mwanga ukarudi, akamfungia kipande cha pili cha keki kwenye karatasi.

"Usijilaumu sana. Hata mimi nisingejua jinsi ya kukifua kama si mama yako."

"Mama yangu?"

"Lydia ndiye aliyetufundisha mtaa mzima. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, usikikamue, kikunje kwenye taulo halafu kiache dirishani kikauke. Cha baba yake alikitunza kama mboni ya jicho. Mwaka mmoja akaacha, sijui kwa nini. Nilimuuliza, akasema Eberhard amekichukua, anakihitaji kwa kazi muhimu."

Eberhard alisema ahsante, akachukua keki, akashuka zile ngazi safi akishika ukuta. Kibanio cha babu kilikuwa dirishani. Alikitoa dirishani mwenyewe, juu ya taulo, Novemba ile, na kilikuwa bado na ubaridi wa maji. Mikono ya mama ilikuwa na povu. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho ya mkaguzi wa serikali.

Ijumaa alipanda treni kwenda Stuttgart, akapekua orodha kwa saa tano. Gutekunst, Jakob, mpiga kwato, kikosi cha mizinga, medali ya fedha, 1917. Kwa kuwa alikuwa tayari pale, na kwa kuwa aliogopa, alimtafuta na Gottlob. Alikuwepo, ukurasa wa nyuma yake.

Jumamosi asubuhi alimpeleka Bi Schlotterbeck makao ya wazee kwa gari lake, nakala ya ukurasa ikiwa mapajani mwa bibi, kibanio kikiwa njiani kurudi makumbusho na barua mpya isiyo na muhuri. Alhamisi ya kwanza ya Novemba, chamani, kabla dengu na soseji hazijaletwa, alizima taa za chumba, akawasha ya kwake na kuielekeza kwenye mashati ya wanachama wote kumi na wanne.

"Mabwana," alisema, "nasikitika kuwajulisha kwamba nyote ni bandia."

Walicheka kweli kweli. Akawaeleza jinsi alivyokosea, tangu mwanzo mpaka meno ya Reutlingen, wakacheka zaidi. Habari ya Mfano Namba Moja alijaribu kuisimulia pia, akafika kwenye dirisha la jikoni, akaishia hapo, akaagiza dengu ziletwe.

Roswitha alipoamka Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya Wafu, alimkuta mumewe kwenye sinki la jikoni, mikono ya shati amekunja. Kopo la biskuti lilikuwa wazi mezani.

"Unafanya nini, Eberhard?"

"Maji haya ni ya vuguvugu, au yamezidi? Njoo uyaguse."

Roswitha aliingiza kidole, kisha akakitazama kile kilichokuwa ndani ya maji, tepe zake zikielea kidogo kwenye povu.

"Yako sawa," alisema, akaenda kumtafutia taulo.