Pezi Halizeeki

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mpiga chapa. Mtaani wanamwita Wino, kwa kuwa vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake. Jina lililo juu ya mlango wa karakana ni la ukoo wetu, na kila kazi inayotoka mle hubeba jina hilo chini pembeni kwa herufi ndogo. Hakuna bwana harusi aliyewahi kukosewa jina kwenye kadi zetu. Marehemu alikuwa akisema kosa la mdomo husahauliwa, la chapa hutunzwa kabatini.

Mwaka jana walikuja vijana wanne waliorekodi albamu yao ya kwanza ya nyimbo za mapenzi. Walitaka majalada mia tano, na jina la albamu, Penzi Halizeeki, lichapwe kwa herufi za mbao za zamani. Shemeji alifurahi, maana herufi zile hazikuwa zimeguswa tangu msiba. Akazipanga kwa mkono. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita nikasoma karatasi ya majaribio, kama kawaida. Nikasahihisha koma tatu kwenye mashairi ya ndani, nikatia sahihi.

Albamu ilikuwa imekwisha kufika madukani mwimbaji wao mkuu, tunayemwita Sauti, alipoingia karakanani na jalada mkononi.

"Mzee Wino, hebu nisomee hapa juu."

Shemeji akavaa miwani. "Pe..."

"Malizia tu, mzee. Pezi. Tumeimba mapenzi, tumeuza samaki."

Herufi N ilikuwa imelala salama kisandukuni. Mtafuta chawa haoni kichwa: sote wawili tulichambua vidogo, neno kubwa kuliko yote hatukulisoma.

Shemeji hakula mchana ule. "Shemeji," aliniambia, "jina la kaka liko chini ya hilo pezi."

Akachapa majalada mapya, safari hii na N yake, akatia kwenye mfuko, akaenda kubadilisha yale mabovu duka kwa duka. Muuza muziki wa kwanza alimcheka.

"Ubadilishe nini, mzee? Zimeisha. Watu wanakuja kuulizia ile ya pezi. Mmoja kachukua mbili, moja ya mkwewe muuza samaki. Wakishacheka wanasikiliza, wakisikiliza wanarudi na jirani."

Vijana wakatengeneza nakala nyingine, zikapelekwa madukani na majalada sahihi. Zikakaa. Wateja walizigeuzageuza, wakaona penzi limeandikwa sawasawa, wakazirudisha rafuni: "Hii ya wizi, bwana. Lete yenyewe."

Basi vijana wakaja wote wanne kuomba pezi lao. Safari hii walitaka elfu mbili.

"Sichapi kosa kwa makusudi," shemeji akasema. "Kukosea ni ajali. Kukusudia ni tabia."

"Mzee, si utoe tu jina lenu pale chini?"

"Nilitoe, watu waseme tumejificha?"

 Yeye akageuka, akaendelea kufuta mashine iliyokuwa safi tayari.

Siku mbili alizikodolea macho zile herufi za mbao. Siku ya tatu nilimkuta ameinama na kisu kidogo, anachonga kipande cha mpira. Akakipaka wino, akakigandamiza juu ya karatasi, akanisogezea. Samaki mnene, macho ya usingizi, pezi la mgongoni limesimama kama tanga.

"Huyu akikaa juu ya jina la albamu, neno lina mwenyewe," akasema. "Mwalimu, kuna kosa?"

"Pezi limo kwenye kamusi, shemeji. Na halizeeki ni kukanusha kulikonyooka."

Akacheka, akauliza kama kuna chakula kilichobaki.

Jina letu liko pale chini, kwenye majalada elfu mbili na mengine yaliyofuata. Sahihi nilitia mimi. Lakini kabla ya kutia nililisoma neno kubwa mara tatu, herufi kwa herufi, kuhakikisha N haijapenya.